Uzi: Kiangazi cha Lubumbashi na rangi ya motokari. Usafi wa kina mara ngapi?

Mtu wa Katuba (mwenye uzi), Julai

Habari za baridi, bandugu. Swali hili hurudi kila mwaka mvua zikikatika, na wiki hii nimeulizwa na watu watatu pale tunapoegesha mjini, kwa hiyo nimeona nijibu mara moja, tena kwa urefu. Kuanzia Mei mpaka Oktoba, motokari ioshwe kila baada ya siku ngapi? Na ule usafi mkubwa, wa ndani na nje, wa kutoa hata uchafu usioonekana na kumalizia kwa nta, ufanyike mara ngapi kwa mwaka?

Mimi ninaosha nje kila Jumamosi, kwa sababu barabara ya kwetu ni udongo mtupu. Ningekuwa ninakaa kwenye lami, ningengoja hata wiki mbili. Usafi mkubwa ninaufanya mara mbili: mwishoni mwa Aprili, mvua zikiwa zinaaga, na Novemba, mvua za kwanza zikishapita. Katikati, mwezi wa nane, ninarudishia nta tu.

Lakini naomba msiishie kwenye hizo tarehe, maana nilizifuata miaka miwili na rangi ikaharibika vilevile.

Motokari yangu ni Corolla nyeusi. Nilipoinunua, mtoto wa dada yangu alikuwa anakaa kwangu, kijana mwenye bidii. Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Juni inauma, yeye yuko nje na fulana kuukuu, anapangusa. Mnaujua umande wa Juni: unashuka usiku juu ya vumbi la jana, vumbi linalowa nusu, linakuwa utando mwekundu kama maji ya matofali. Alikuwa anaukausha kwa fulana ile, mkono unazunguka, boneti, paa, milango. Motokari inang'aa, ninamshukuru, tunaenda kazini. Usiku mmoja niliegesha kwenye kituo cha mafuta, chini ya taa, nikaona kwenye boneti duara juu ya duara kama utando wa buibui, na kitovu chake kinanifuata kila ninapohamisha kichwa. Nilipitisha kucha, haikunasa popote. Ila mikwaruzo ilikuwa mamia, na yote ilifuata mzunguko wa mkono wa yule kijana. Iliniuma sana, maana mimi ndiye niliyekuwa ninamsifu.

Vumbi letu si unga. Chukua kidogo kwenye vidole viwili, sogeza karibu na sikio, sugua. Utalisikia likikwaruza. Ule wekundu ni chuma kilichoshika kutu ndani ya udongo, na humo humo mna chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko kioo. Rangi ya motokari juu yake ina vanishi, na vanishi ni kitu laini. Ukipitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi, umeshika msasa.

Tangu usiku ule mkono wangu haugusi rangi kabla maji hayajatangulia. Ninatumia bidoni tatu za lita 20, maana kwetu bomba halina ahadi. Bidoni ya kwanza yote inakwenda kwenye kumwagia tu, kutoka paa kushuka chini, kwa pompa ndogo ya kunyunyizia bustani. Ninanyunyiza, ninangoja dakika mbili tatu vumbi lilegee, ninanyunyiza tena. Unaona maji mekundu yanachuruzika kwenye milango, na hayo ndiyo yangekuwa mikwaruzo. Bidoni ya pili ninaigawa kwenye ndoo mbili, moja ya shampuu ya motokari, moja ya maji matupu. Kitambaa cha mikrofaiba kinachovya kwenye shampuu, kinapita sehemu moja kwa mstari ulionyooka bila kuzungusha, kisha kinasuuzwa kwenye maji matupu kabla ya kurudi kwenye shampuu. Mkimaliza angalieni chini ya ile ndoo ya maji matupu. Mtakuta tope laini la unene wa ukucha. Wenye ndoo moja wanalirudisha hilo kwenye rangi. Bidoni ya tatu ni ya kusuuza.

Sehemu za chini za milango na nyuma ya magurudumu ninaziacha mwisho, na zina kitambaa chao. Halafu ninakausha mara moja kwa taulo, kivulini, kabla ya saa tatu. Jua la kiangazi likikausha maji juu ya boneti linaacha madoa meupe, chokaa ileile inayoshika ndani ya birika la chai.

Karibuni, mwenye neno aseme.

Mama wa Bel-Air

Asante baba, nimesoma mpaka mwisho. Mimi ninakaa kwenye lami, RAV4 yangu ni nyeupe. Mlinzi wetu anapangusa kila asubuhi kwa kitambaa kikavu, na nikimkataza anaona nimemnyang'anya kazi. Tena hapa kwetu ukienda ibada au kwenye matanga na motokari yenye vumbi, watu wanakuangalia miguu mpaka kichwa. Nifanyeje?

Mtu wa Katuba

Mama, nyeupe inaficha mikwaruzo lakini inaipata sawa na nyeusi. Simama pembeni saa kumi jioni, jua likiwa limeinama, utaiona.

Mlinzi usimnyang'anye kazi, mpe nyingine. Mnunulie pompa ya lita 5. Asubuhi anyunyizie vioo, taa na namba za motokari, akaushe hivyo tu kwa kitambaa kilicholowa. Hivyo ndivyo vinavyokusaidia kuona na kuonekana barabarani. Rangi abaki nayo mbali mpaka siku ya kuosha. Siku ya ibada anyunyizie motokari nzima maji mengi bila kugusa, kisha uiendeshe. Haitang'aa kama kioo, lakini wekundu utakuwa umeondoka.

Jambo la waipa pia, mama. Usiziwashe juu ya kioo kikavu chenye vumbi hata siku moja. Mstari ule wa upinde unaoonekana kwenye vioo vya mbele vya motokari nyingi hapa mjini umechorwa hivyo, na kwenye kioo polishi ya rangi haiufuti.

Fundi rangi, Kenya

Kwa wageni wa mji: Kenya ya hapa ni komini ya Lubumbashi, si nchi.

Mwenye uzi amesema vizuri ila kuna jambo amelipita, na ndilo linalonilisha mimi. Watu wakishaona huo utando wa buibui wanakuja kwangu: "Fundi, piga polishi." Ninapiga. Mwaka unaofuata wanarudi, na wa tatu vilevile. Rangi nzima ya kiwandani, pamoja na vanishi, mara nyingi ni mikroni 100 hadi 150. Vanishi peke yake ni kama 40 au 50. Unywele wa kichwa chako ni karibu 70. Kwa hiyo kinachoilinda motokari yako ni chembamba kuliko unywele, na polishi haizibi mkwaruzo, inateremsha vanishi ya pembeni mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Kila mara unapoteza mikroni kadhaa. Kwenye kingo za boneti na milango ndiko inakoisha kwanza.

Nimeletewa motokari ya miaka saba ambayo paa lake lilikuwa limebaki rangi tupu bila vanishi, nyeupe nyeupe kama ngozi isiyopakwa mafuta. Mwenyewe anasema jua. Jua lilimalizia tu. Hapo hakuna polishi tena, ni kupaka upya.

Wewe mwenye uzi, kwenye huo usafi wako wa Aprili na Novemba, unapiga polishi mara zote mbili?

Mtu wa Katuba

Papa fundi, sikuficha, nilisahau kuandika. Nilikuwa ninapiga Aprili kila mwaka, kwa mkono, ile ya kopo.

Fundi rangi, Kenya

Ya mkono inakula kidogo kuliko ya mashine, lakini inakula. Acha. Polishi ipigwe pale mikwaruzo imekuwa mingi mpaka inakusumbua, labda mara moja kwa miaka mitatu, na fundi apime unene kwanza kama ana kipimo. Katika usafi mkubwa fanya hivi: osha, pitisha ule udongo laini wa dukani (unaoitwa clay) wa kuondolea uchafu ulioganda, ukiwa umelowa maji ya sabuni, kisha nta. Udongo huo ukianguka chini tupa. Nimeona watu wanauokota, wanaufuta kwenye suruali, wanaendelea. Umeshabeba mchanga tayari.

Na nta ichaguliwe kwa hali yetu. Ile ya asili ya kanauba inang'aa vizuri, lakini kwa jua na vumbi la hapa haizidi miezi miwili. Ile ya kutengenezwa kiwandani, ya maji maji, inafika minne hata sita. Ukipaka hiyo mwishoni mwa Aprili, unaweza kufika Septemba bila kurudia. Jaribu mwenyewe: mwagia maji kikombe kimoja. Yakikusanyika matone ya mviringo yakakimbia, nta ipo. Yakitandaa kama shuka, imekwisha.

Waliopakwa rangi upya gereji, si ya kiwandani, mashine ya presha ishikwe mbali, mkono mzima angalau. Nimeona presha ikibandua rangi ukingoni mwa bampa kama ganda la yai.

Dereva wa Kasumbalesa

Nyote mnaongelea mng'ao. Mimi ninafanya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kurudi, kilomita kama 90 kila upande, mara tatu au nne kwa wiki, nyuma ya malori ya shaba. Lori likiegemea ukingo wa lami linapiga vumbi mpaka unawasha taa mchana. Motokari yangu ni ya kazi na rangi yake ilishajiendea, lakini injini ina zaidi ya kilomita 300,000 na haili oili. Ngoja niwaambie ninachosafisha mimi.

Filta ya hewa ya injini. Kitabu kinasema ibadilishwe baada ya kilomita nyingi sana, lakini kitabu kile kiliandikwa kwa nchi ya lami na mvua. Hapa kiangazi ninaifungua kila ninapobadilisha oili, kila kilomita 5,000. Ninaigonga taratibu kwenye tairi, ninaiangalia kwa kuielekeza kwenye jua. Mwanga usipopita, inatupwa. Wale wanaoipuliza kwa kompresa, pulizeni kutoka ndani kwenda nje na presha ndogo, vinginevyo mnatoboa karatasi, na tundu dogo tu linaruhusu ule msasa wa mwenye uzi uingie kwenye silinda.

Rejeta. Mbele yake kuna ile ya klima (kiyoyozi), na katikati ya hizo mbili vumbi, mbegu za majani na wadudu vinashikana kama mkeka. Joto la Septemba na Oktoba likija, watu wanasema klima imekufa, au injini inapanda moto. Nyingi zilikuwa zimeziba. Ninapitisha maji ya kawaida ya mpira kutoka upande wa injini kuelekea mbele, injini ikiwa imepoa. Presha hapana, inalaza yale mapezi.

Filta ya klima, nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Motokari nyingi tunazoletewa kutoka Japani hatujawahi hata kuifungua. Niliifungua ya mke wangu Agosti, ikatoka na ukoko mwekundu na nyuzi za manyoya, na ndani ya ile motokari watoto wawili walikuwa wanakohoa kila asubuhi. Sikuhitaji maelezo mengine.

Mtu wa Katuba

Kaka, hii nilitaka iandikwe na mtu kama wewe. Nimeipeleka kwa mke wangu pia.

Ndani nitaongeza langu. Vumbi la ndani likikaa kwenye zulia, kila unapokanyaga unasaga nyuzi. Ninafyonza kila wiki mbili, na viti ninavisogeza mbele mpaka mwisho, halafu nyuma mpaka mwisho, kwa sababu reli za viti ndizo pango lake. Dashibodi ninatumia kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, basi. Yale mafuta ya kung'arisha yananata, kesho yake asubuhi vumbi limeandika juu yake. Mipira ya milango ipanguswe kila unapoosha, maana ikishika mchanga haizibi tena, na hapo hata ukifunga vioo vyote vumbi linaingia.

Na jambo moja linanikera sana, naomba niliseme wazi. Kuna sehemu za kuoshea, wakimaliza wanapulizia mazutu (dizeli) chini ya motokari na kwenye matairi ili paonekane peusi. Mimi nilifanyiwa bila kuulizwa. Nilipofika nyumbani vumbi lilikuwa limeshika kwenye mafuta kama unga kwenye kitumbua, na mpira haupendi mazutu, unavimba na kulegea. Semeni kabla hawajaanza: mazutu hapana, sabuni ya unga ya kufulia hapana. Hiyo sabuni inakata mafuta ya nguo na inakata nta yako vilevile, Jumamosi mbili tatu tu imekwisha.

Kijana wa Kasapa

Shikamoo wakubwa. Ninatumia motokari ya baba kwenda chuo. Baba ameifunika kwa turubai tangu Mei ili vumbi lisiifikie. Je, hiyo si dawa kabisa?

Mtu wa Katuba

Marahaba kijana. Turubai lisipoondolewa kabisa, juu ya motokari iliyooshwa, ndani ya ukuta usio na upepo, linafaa. Lakini kama baba analivuta kila jioni juu ya motokari iliyotembea, analiburuta juu ya vumbi. Na upepo wa Agosti ukilipiga usiku kucha, linasugua kona zilezile. Angalia kwenye kona za boneti na juu ya taa, kama pameanza kufifia ni turubai. Bora kivuli cha paa la mabati, hata bila kuta.

Zungumza naye kwa upole, alinunua turubai kwa nia njema.

Kivuli cha mti ni shauri jingine. Mwembe unatoa utomvu, na jakaranda zikichanua Septemba na Oktoba, maua yake yanashikamana na rangi na kuacha alama yakikauka. Kinyesi cha ndege usikiache kilale. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika tano kilainike, ndipo ukiinue, usikisugue.

Mama wa Bel-Air

Na yale majivu meusi? Tangu juzi asubuhi ninakuta vipande kama nyuzi kwenye boneti.

Fundi rangi, Kenya

Ni mioto ya porini, mama, majira yake ndiyo yanaanza, na Agosti na Septemba yatazidi. Usiyashike kwa kidole, yanasagika na kupaka. Maji tu. Na yasikutwe na umande siku nyingi, maji ya majivu ni makali kwa rangi. Mtu wa karibu na mashamba yanayochomwa aoshe kila wiki hata kama anakaa kwenye lami.

Mtu wa Golf

Vipi ile kinga ya seramiki inayopakwa juu ya rangi? Nimeambiwa ukipaka unasahau miaka miwili.

Fundi rangi, Kenya

Inadumu ikipakwa vizuri, juu ya rangi iliyosawazishwa, mahali pasipo na vumbi hewani. Mahali hapo uniambie ni wapi hapa mwezi wa saba. Na ukishapaka, kitambaa kikavu kitaikwaruza pia. Subiri mvua.

Mtu wa Katuba (mwenye uzi), Novemba

Ninarudi kama nilivyoahidi kwa wawili watatu walioniandikia pembeni.

Mvua ya kwanza kwetu ilikuwa matone makubwa machache, saa tisa alasiri, na kila tone lilishuka na vumbi lililokuwa angani. Motokari zote za mtaa zilikuwa na madoa ya tope kama ngozi ya chui. Wengi walikimbilia vitambaa. Mimi niliiacha mpaka mvua ya tatu, iliyonyesha kweli, ndipo nikafanya usafi mkubwa.

Papa fundi, nimefuata ulivyosema. Polishi sikugusa. Baada ya kuosha nilichukua ile nailoni nyembamba inayofunika pakiti ya sigara, nikaiweka kwenye ncha za vidole, nikapitisha juu ya boneti. Ilikuwa inakwaruza kama mchanga kwenye sinia, ingawa kwa macho motokari ilikuwa safi kabisa. Nikapitisha udongo wako pamoja na maji ya shampuu, nusu ya boneti tu kwanza. Nusu ile vidole viliteleza mpaka nikashtuka. Udongo uliingia mweupe ukatoka na rangi ya matofali. Saa nne zilikwenda kwa motokari nzima, kisha nta ya kiwandani.

Chini ya taa za kile kituo cha mafuta ule utando wa zamani bado upo, siwezi kusema umeondoka. Lakini nilipiga picha Mei na nimepiga tena juzi, boneti ileile, na sijaona mkwaruzo mpya. Miezi sita ya kiangazi, kuosha mara 24, yaani kila Jumamosi isipokuwa mbili nilizokuwa Likasi.

Mpwa wangu alikuja kunitembelea nikiwa katikati ya kazi. Nikampa ile ndoo ya maji matupu, akakaa upande wa kushoto, mimi kulia. Alipomaliza aliinamisha ndoo akaangalia lile tope la chini, akaniuliza, "Mjomba, hili lote nilikuwa ninalisugua?" Nikamwambia tulikuwa tunalisugua wote wawili.

Mama wa Bel-Air

Mlinzi wangu sasa hakubali pompa ishikwe na mtu mwingine, lakini kichwa cha pompa kimeziba. Nipate wapi nyingine?

Mtu wa Katuba

Soko la Kenya, mama, kwa wauza vifaa vya bustani. Usikubali iliyokwisha kutumika, huenda ilibeba dawa ya wadudu. Ila ya zamani usiitupe: fungua kichwa, loweka kwenye siki usiku mmoja, ni chokaa hiyo.